Mkataba wa Fanfari ya Birere

Keza alipotangaza kwamba ataolewa mwezi wa Agosti, shangazi yake Béata alitoa miwani kabatini na kusema kuwa hakuna karatasi yoyote ya arusi itakayotiwa sahihi kabla yeye hajaisoma, mwanzo mpaka mwisho, mchana kweupe, akiwa ameshiba.

Hakuna aliyembishia. Béata alikuwa amepiga chapa mikataba ya wanunuzi wa kahawa huko Goma kwa miaka mingi, na tangu avuke mpaka kuja Gisenyi mwaka wa tisini na sita alikuwa akipiga chapa barua za ofisi ya wilaya. Alivuka akiwa na Keza, binti wa marehemu kaka yake, na sanduku moja la nguo. Nyumba yao ya Goma waliiacha mlango wazi na sufuria ya maharage jikoni, maana siku ile hapakuwa na nafasi ya kufunga wala ya kuepua. Kutoka pale walipopanga sasa, mtu angeweza kwenda Goma na kurudi kabla maharage mengine hayajaiva. Lakini Béata hakuwahi kurudi hata mara moja. Wakimuuliza, alisema hana shughuli kule.

Basi mikataba ikaanza kuja. Wa kwanza ulikuwa wa Saidati, mama wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo aliyekuwa na uwanja wenye nyasi nyuma ya nyumba yake, turubai, viti, na masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Béata alikaa barazani kwake, akavaa miwani, akaanza kusoma. Saidati alimletea chai, akarudi ndani, akatoka tena, akamkuta bado yuko ukurasa ule ule.

"Soma, dada," alisema Saidati akicheka. "Soma hata nyuma ya karatasi. Nyuma iko weupe tu, lakini soma."

"Hapa umeandika kwamba unaweza kuvunja mapatano kwa sababu yoyote."

"Mi niliandika vile?"

"Iko hapa."

Saidati akainama na kutazama. "Ee! Hiyo nilinakili kwa karatasi ya hoteli moja ya zamani, ya Wabelgiji. Kata. Mi nitavunja arusi ya mutoto wa batu kwa sababu gani?"

Béata akakata mstari ule, wote wawili wakaweka herufi za kwanza za majina yao pembeni. Lakini kilichomfanya aishike karatasi muda mrefu hakikuwa kifungu kile. Ilikuwa tarehe. Juu kabisa ya karatasi Saidati alikuwa ameandika, kwa mkono uliotulia, *Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999*. Ilikuwa bado Juni. Mwaka uliotangulia, kwa hofu ya waasi, mabasi ya Ruhengeri yalikuwa yakisindikizwa na askari, na watu wa Kanzenze walikuwa wakilala mjini wakiwa na watoto na mbuzi wao. Mtu ukimwambia tuonane Jumatano, alikujibu, tukiamka. Kwa miaka mingi Béata hakumwona mtu wa kawaida akiandika siku ya mbali namna ile, kana kwamba siku hiyo iko rafuni na mtu ataifuata tu akiitaka.

"Dada, unaogopa nini sasa?" Saidati akamuuliza.

"Hii tarehe. Umeiandika bila shida."

"Sasa niandike nini? 'Siku moja'?"

Béata akatia sahihi.

Mkataba wa pili ulikuwa wa Jado, mwenye gari. Uliandikwa kwa mashine, ukisema kwamba atatoa *voiture* nyeupe, safi, yenye maua mbele. Béata akaomba kuliona. Gari lilikuwa jeupe kweli, na safi kweli, lakini lilikuwa limeegemezwa ukutani na halina gurudumu moja. Béata akarudi kwenye karatasi, na baada ya neno *nyeupe* akaongeza kwa kalamu: *na inayotembea*. Jado aliona haya, akasaini, na wiki ile ile watu wakamwona chini ya gari akigongagonga vyuma.

Hivyo ndivyo Béata alivyokuwa. Mpaka alipofika mtu wa fanfari, bendi ya matarumbeta.

Huyo alitoka Goma kwa miguu, akapita Petite Barrière, kizuizi cha mpakani, asubuhi pamoja na wamama wa nyanya na vitunguu, akafika nyumbani kwa Béata akiwa na tai shingoni na vumbi jeusi viatuni. Aliitwa Kasereka. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mshonaji wa nguo katika mtaa wa Birere, na kiongozi wa fanfari ya kanisa dogo la huko. Keza alikuwa amewasikia mara moja tu akiwa msichana mdogo, na katika arusi yake yote hilo ndilo jambo pekee aliloliomba mwenyewe: atoke kanisani na matarumbeta yale yamtangulie.

Kasereka alikaribishwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Keza na mchumba wake Shyaka walikuwepo pia. Béata alivaa miwani akijiandaa kwa kazi, lakini kazi ikaisha mara moja, kwa kuwa mkataba ulikuwa na mistari mitatu tu, kwa mwandiko wa mtu aliyesomeshwa na mapadri:

*Sisi fanfari ya Birere tutakuja Gisenyi siku ya arusi ya Keza na Shyaka. Tutapiga kutoka mlango wa kanisa mpaka mahali pa karamu. Hatutaacha njia katikati.*

Béata akaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

"Papa Kasereka, hapa hakuna kifungu cha mpaka."

"Mpaka gani, Mama?"

"Barrière. Ikifungwa siku ile? Ninyi iko kule, arusi iko huku. Lazima tuandike: ikiwa mpaka umefungwa, mapatano yanakufa, na hakuna anayemlaumu mwenzake. Ni kwa faida yenu pia."

Kasereka akatikisa kichwa polepole. "Hiyo siwezi kuandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mi nikisaini pale, tayari nimekubali sitakuja."

Shyaka, aliyekulia Tanzania na ambaye Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililopigwa pasi, akajaribu kuwapatanisha. "Samahani, mzee wangu. Labda tuandike tu 'Mungu akipenda'. Hapo kila upande utakuwa umelindwa."

"Mungu anapenda arusi, kijana," Kasereka akamjibu kwa upole. "Hiyo haina haja ya kumuuliza."

Keza akacheka. Béata hakucheka. Alivua miwani, akamweleza mgeni kwamba yeye si mtu mbaya, lakini ameona vitu vikivunjika ambavyo watu waliapa havitavunjika, na karatasi isiyosema lolote kuhusu siku mbaya hawezi kuiwekea jina lake. Kasereka alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliikunja karatasi yake, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki, akasimama.

"Mama iko sawa," alisema. "Mutu asisaini kitu hajasikia. Kuja Jumapili, kiisha misa. Tunakaa nyuma ya kanisa, kila mutu wa Birere atakuonyesha. Ukisikia na bado unataka kile kifungu, mi nitaenda zangu na tutabaki marafiki."

Wiki nzima Béata hakuzungumzia jambo lile. Keza pia hakumsukuma. Alimjua shangazi yake, na alijua kwa nini Goma ilikuwa mbali kwake kuliko Kigali. Lakini Jumapili, baada ya misa, Béata hakwenda nyumbani. Aliteremka njia ya Petite Barrière akiwa bado na nguo zake za kanisani, akaonyesha kitambulisho, akaandikiwa kijikaratasi cha kuvukia, akapita chini ya mti wa kizuizi, akatembea ule ukanda mfupi ambao si wa huku wala wa kule, akatokea upande wa pili.

Alidhani miguu itakataa. Haikukataa. Ardhi ikawa nyeusi chini yake, yale mawe ya volkano aliyoyakanyaga tangu utotoni, na harufu ya makaa na samaki wakavu ikamjia kana kwamba hakuondoka. Akauliza njia kwa mama mmoja, akaelekezwa kwa kidole, akapita kati ya nyumba za mbao, mpaka akaona kanisa la mabati na nyuma yake uwanja wa mawe.

Wapigaji walikuwa wamekwisha kusimama kwenye nusu duara. Kwanza aliona umaskini wao, akawahurumia. Tromboni moja ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ngoma kubwa ilikuwa na kiraka. Mama mmoja mnene aitwaye Kavira, muuza makaa, alikuwa amejivisha besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote linalomzunguka mpigaji kama chatu, na shaba yake ilikuwa na mabonde kila mahali. Kasereka alimwona Béata, akamwinamia kidogo, hakuja kumsalimu. Akainua mkono.

Kavira ndiye aliyeanza. Sauti ile haikuingia masikioni kwanza. Ilipitia kwenye nyayo. Béata aliisikia ikipanda kutoka kwenye mawe, ikapita magotini, ikakaa kifuani. Kisha ngoma. Kisha matarumbeta yote kwa pamoja, na hewa ya uwanja ule ikawa kitu kingine, kitu chenye uzito na mwanga, kana kwamba mtu amefungua mlango wa tanuri. Kuku walikimbia. Watoto waliokuwa wakipiga kelele ukutani walinyamaza. Wimbo wenyewe aliujua, wimbo wa kanisani ambao watu huuimba huku wakifikiria chakula cha mchana, lakini hapa uliinuka ukapanuka, sauti za chini zikiubeba na za juu zikipasua mbingu, mpaka akaona aibu kwamba aliwahi kudhani anaujua. Nywele zilimsimama. Alitaka kukaa, hapakuwa na kiti. Akasimama tu, mkoba ukiwa umeshikwa kwa mikono miwili, kama mtoto aliyepelekwa mbele ya mkubwa.

Walipomaliza, hakuna aliyepiga makofi.

Kasereka akaja akijifuta jasho.

"Mwaka wa tisini na ine, wakati wakimbizi walikufa na kipindupindu," alisema, "tulipiga maziko. Asubuhi mpaka jioni, batu hatuwajui, hata majina hatukuambiwa. Tulipiga mpaka midomo ikapasuka, Kavira alikuwa anatema damu na anaendelea. Hakuna siku mutu alituuliza kama tutakuja. Kifo hakina kifungu, Mama. Tulienda tu. Sasa ni mara ya kwanza batu wa ng'ambo banatuita kwa arusi. Utaniambia niandike kwamba labda hatutafika? Kwa maziko tulifika, kwa arusi niseme labda?"

Béata alikuwa amekuja na kifungu chake kilichopigwa chapa vizuri, tayari kwa kubandikwa. Hakukitoa. "Nipe ile karatasi yako," alisema.

Wakakosa meza. Mpiga ngoma akailaza ngoma kubwa juu ya jiwe, Kasereka akatandaza mkataba juu ya ngozi, na Béata akatia sahihi hapo, taratibu, maana kila alipoikandamiza kalamu ngoma ilinong'ona.

Aliporudi, Keza alikuwa mlangoni akimsubiri.

"Ulipita kwenye nyumba yetu ya zamani, Shangazi?"

Béata akasimama. "Mungu wangu," alisema. "Nilisahau kupita."

Siku ya arusi ikafika kama ilivyoandikwa. Asubuhi, kabla hata ya kuoga, Béata alisikia kwa majirani: Barrière imefungwa. Kwa nini, hakuna aliyejua. Wengine walisema ni mambo ya wakubwa, wengine wakasema itafunguliwa saa sita. Wafanyabiashara walikuwa wamekwama pande zote mbili na mizigo kichwani. Saa sita ilipita, haikufunguliwa.

Béata alikaa kanisani bila kusikia mahubiri. Moyoni alijisema vibaya. Mikataba mingine yote aliichuja, akakata, akaongeza, na huu mmoja, ule ambao mtoto aliuomba mwenyewe, aliusaini juu ya ngoma kama mlevi. Maharusi walipotoka mlangoni, mbele yao palikuwa na jua tu na gari la Jado, jeupe, lenye maua, likinguruma. Wamama walipiga vigelegele. Keza alitabasamu, lakini Béata aliona macho yake yakitafuta upande wa njia.

"Tutaimba wenyewe," alisema Shyaka, akamshika mkono mke wake.

Wakaanza kuimba, wakaanza kutembea, gari likiwafuata nyuma polepole. Hawakuwa wamefika mbali pale Keza aliposimama ghafla, akainua mkono wenye glavu.

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza. Mwanzoni Béata hakusikia kitu. Kisha akahisi kwenye nyayo.

"Ni wao," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Ni besi. Ni Kavira!"

Msafara wote ukaacha njia ya Majengo na kugeuka kuelekea mpakani. Walipofika, Béata aliona jambo ambalo baadaye alilisimulia mara nyingi na kila mara alikosa maneno. Upande wa pili wa ukanda ule, nyuma ya kizuizi cha Goma, fanfari ya Birere ilikuwa imejipanga kwa safu, imevaa mashati meupe, jua likiwaka juu ya shaba yao iliyobonyea. Walikuwa wakipiga kwa nguvu zao zote, nyuso zikiwa zimetazama Gisenyi. Baadaye alikuja kujua kwamba walikuwa wamesimama pale tangu asubuhi, kila mara wakiomba kupita na kukataliwa, na walipohesabu kwamba misa imekwisha, Kasereka aliinua mkono.

Huku, wamama waliokwama walikuwa wameshusha mizigo. Vikapu vya nyanya vilikaa chini katikati ya njia. Wabeba mizigo walivua kofia. Askari mmoja wa kizuizini, kijana mwenye uso mkali, alikuwa ameisahau bunduki begani na mguu wake mmoja ulikuwa ukifuata ngoma bila yeye kujua. Keza akapita katikati ya watu wale na gauni lake jeupe likiburura vumbi, mpaka akafika kwenye mti uliofunga njia, akaweka mikono miwili juu yake. Mama mmoja wa vitunguu, asiyemjua kabisa, akainama akalishika gauni lake kwa nyuma lisichafuke. Askari hakumzuia.

Béata alitazama na machozi yakamtoka bila kwikwi, kama maji yanavyotoka penye chemchemi za maji moto za Nyamyumba. Watu wote wale, pande mbili, na hakuna aliyevuka. Na bado kulikuwa na kitu kilichokuwa kinapita juu ya vichwa vya askari, kikubwa kiasi kwamba alitaka kukipisha njia.

Kasereka akainua tarumbeta lake na kulielekeza upande wa Majengo: nendeni. Wakaenda. Matarumbeta yaliendelea nyuma yao, yakipungua kadiri walivyotembea, na Béata, aliyekuwa wa mwisho, alitembea kinyumenyume kipande kirefu kwa kuwa hakuweza kuyapa mgongo. Hata pale uwanjani kwa Saidati, wageni walipokaa, waliombana wanyamaze kwanza. Upepo ulipokaa vizuri, bado yalisikika, madogo kama nyuki.

Jumatatu mpaka ulifunguliwa. Mchana Béata alikuwa ofisini akipiga chapa pale mlinzi alipomwita nje. Kasereka alikuwa amesimama barabarani na fanfari yake yote, vumbi jeusi viatuni.

"Tumekuja kumaliza njia," alisema.

"Njia gani, Papa Kasereka? Arusi imekwisha!"

"Arusi imekwisha, mukataba bado. Mi niliandika kutoka mlango wa kanisa mpaka mahali pa karamu. Hapa katikati hatujapiga."

Béata akarudi ndani kuomba ruhusa kwa mkubwa wake, na mkubwa wake alipoambiwa sababu, naye akachukua koti. Keza aliitwa, akaja na kitenge kiunoni na kandambili miguuni, Shyaka nyuma yake akiwa na sabuni sikioni, alikuwa anaoga. Wakaenda mpaka mlango wa kanisa. Kavira akavuta pumzi.

Watu walitoka madukani. Watoto wa shule walijiunga. Mafundi wa cherehani waliacha nguo chini ya sindano. Hakukuwa na gauni, wala maua, wala siku yenyewe, na hata hivyo njia nzima ilisimama kuwapisha. Saidati aliyasikia matarumbeta akiwa anaosha masufuria yake. Walipofika langoni alikuwa ameyarudisha motoni na kutupia ndani kila kilichobaki. Pale langoni Kasereka aliweka mkono chini, na sauti ikakatika sawasawa kwenye kizingiti, si kabla, si baada.

Walikula chini ya turubai ambalo halijashushwa bado. Kavira alikula, akashukuru, akalala usingizi hapo hapo kitini. Béata alimsaidia kuvua besi ili apumzike vizuri. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na bado ya moto. Akaipakata magotini kama anavyopakatwa mtoto mkubwa, akainamisha uso kwenye kile kinywa chake kipana, akachungulia ndani. Kulikuwa na giza, na harufu ya shaba na makaa. Alichungulia kwa muda mrefu, wageni wakipita na sahani mbele yake, akijaribu kuona kile kitu kilichopita juu ya mpaka kilikuwa kinatokea wapi.